Makofi ya Pasikali

Kasulu, Jumatatu, 3 Novemba 1975

Mvua imeanza leo, na paa la mahakama limeanza kuvuja palepale lilipovuja mwaka jana. Ameniambia hivyo mhudumu, ambaye amekaa mwaka mzima akilitazama. Daftari hili nililetewa niandikie rufaa. Rufaa zenyewe ni za kuhesabu kwa vidole, rejesta ya zamani inatosha, kwa hiyo hili nimelichukua mimi. Nikifa kwa baridi ya huku, atakayeliokota ajue kwamba mwenyewe ni Stumai binti Tamimu, mzaliwa wa Ujiji, karani na mkalimani wa mahakama, aliyesoma hadi kidato cha nne ili aje kukaa mlimani na watu wanaokanyaga tope tangu Novemba hadi Mei na kuona ni jambo la kawaida.

Hakimu wangu ni Bwana Hilali, mtu wa Pangani. Tulikuwa naye mahakama ya mwanzo ya Mukarama, upande wa Kibondo, mpaka Agosti alipopandishwa cheo akaletwa hapa kuwa hakimu wa wilaya. Nami nikaletwa pamoja naye, kama kabati. Huweka kitana chake katikati ya kitabu cha sheria, kwenye makosa ya wizi. Amekaa na Waha miaka miwili na hajui hata kuitikia salamu yao. Kiha chote ananiachia mimi, niliyekiokota sokoni Ujiji kwa wanawake wauza maharage.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua. Duka la ushirika halina sukari. Bwana Hilali anayo, na hanywi chai mbele ya mtu.

Ijumaa, 7 Novemba

Kuna mwanamke amekaa barazani tangu asubuhi, mtoto mgongoni. Nilipopita alipiga magoti akaanza kunipigia makofi. Kwa Waha hiyo ndiyo heshima. Akimkuta mkubwa, hugonga viganja polepole, mara tatu, mara nne, huku akisema mwakeye, mwakeye, na kabla hajamaliza huwezi kupata kwake neno la maana. Kila mtoto wa Ujiji anajua kuwa ni salamu tu. Nilikuwa nimebeba majalada, sikungoja.

Jumatatu, 10 Novemba

Mwanamke anaitwa Theodosia. Ametembea siku nne kutoka Mukarama, na amefikia kwa mkimbizi mmoja wa Burundi anayeuza ndizi karibu na kanisa. Mumewe ni Pasikali, aliyefungwa Agosti miaka mitano kwa wizi wa ng'ombe na sasa yuko gerezani hapa. Namkumbuka. Ndiyo kesi ya mwisho tuliyoifanya Mukarama, siku ileile tuliyohama.

Nimemsikiliza kwa sababu mvua ilinizuia mlangoni. Anasema waliweka ng'ombe kwa jirani yao Bazilio, kama wafanyavyo huku. Mtu humpa mwenzake ng'ombe amtunze, maziwa yakawa ya mtunzaji na ndama wa kwanza akarudi kwa mwenyewe. Ikaja operesheni ya vijiji, kila mtu akahamishwa kwake, na Bazilio alipofika kijiji kipya akasahau habari ya ndama. Pasikali akaenda mchana kweupe akamfungua ndama wake. Bazilio akapiga yowe la mwizi.

Nikamwambia kwamba hayo yote mumewe angeyasema mahakamani. Yeye alikiri kosa. Jalada ndivyo linavyosema, na Bwana Hilali ndiye aliyeliandika. Theodosia akanipigia makofi tena.

Jumanne, 18 Novemba

Leo nimecheka mpaka mhudumu akaja kuchungulia.

Hati ya rufaa ya Pasikali imefika kutoka gerezani. Imetiwa dole gumba tangu Agosti. Miezi mitatu imetembea kutoka gereza hadi mahakama, mwendo wa kuvuta sigara moja. Kwa haki ilipaswa kwenda kwa hakimu wa wilaya ya Kibondo, lakini yule amehamishwa na mwingine hajaletwa, kwa hiyo majalada yao yanakuja kwetu. Yaani Hilali atasikiliza rufaa ya mtu aliyefungwa na Hilali. Na kilichonichekesha zaidi ni mwisho wa hati yenyewe, ambao askari magereza ameuandika kwa hati nzuri ya darasani: "Naomba nisikilizwe na Bwana Hakimu yuleyule aliyenifunga, nisipelekwe kwa mwingine."

Nilimwuliza Theodosia kama mumewe ana akili timamu. Akashangaa. Akasema ukimwacha aliyekuhukumu ukapeleka maneno yako kwa mwingine, umemtukana. Hata wakati wa watemi, mtu alirudi kwa mtemi yuleyule, akakaa uani kwake, akarudi tena, mpaka asikilizwe. Hayo ndiyo maarifa yao, wanaacha mlango ulio wazi na kwenda kuketi mbele ya uliofungwa.

Niliipeleka hati ndani. Bwana Hilali aliisoma, akajinyoosha kitini.

"Mwenyewe ananitaka," akasema.

Nikamkumbusha kwamba hakimu hakai kusikiliza rufaa ya hukumu yake mwenyewe, na kwamba atakiwe asitakiwe, anajitoa. Akanijibu kwa upole ule anaomwekea mtu asiyesoma sheria chuoni Mzumbe. Hakimu mwingine yuko Kigoma na barabara inakatika. Mtu amekiri kosa, kwa hiyo hana la kulalamikia ila adhabu, na adhabu ndiyo ya chini kabisa kisheria. Kilichobaki ni kuandika mistari miwili. Amepanga Jumatano ya tarehe 10 Desemba.

Nimemdharau siku nyingi huyu mtu, lakini leo nimemdharau kwa raha.

Alhamisi, 20 Novemba

Paa. Ndoo tatu sasa.

Jumatano, 26 Novemba

Theodosia yupo barazani. Jana alikuwepo, juzi alikuwepo. Nikiingia makofi, nikitoka makofi. Ningekuwa mimi, mume wangu kafungwa miaka mitano kwa ndama wake, ningekuwa nimetukana watu mpaka nikafungwa naye. Huyu anasalimia. Watu wa namna hii ndio wanaowapa akina Hilali vyeo.

Bwana Hilali naye amepata kiatu kipya, na hataki kukishusha kwenye tope, kwa hiyo mhudumu amepanga matofali kutoka Land Rover hadi mlangoni. Hakimu wa wilaya anaruka matofali mbele ya raia. Nilitamani akosee moja.

Jumanne, 2 Desemba

Mtoto wa Theodosia ana homa. Nilimwambia ampeleke hospitali. Akaenda, kisha mchana akarudi barazani na mtoto, na kibuyu kidogo cha asali ya Kibondo, akakiweka mlangoni pangu. Nilikitoa nje mbele ya watu wote, nikasema kwa sauti kwamba karani wa mahakama hanunuliwi kwa asali. Askari wakanitazama kwa heshima. Nilijisikia msafi, jambo ambalo sijalisikia tangu Agosti.

Ijumaa, 5 Desemba

Nitaandika ilivyokuwa, bila kupamba.

Bwana Hilali alichoka kumwona Theodosia kila akiruka matofali yake. Saa nne akamwita ofisini ili amwambie mwenyewe arudi kwake Mukarama, maana kungoja tarehe 10 ni kupoteza muda. Nikasimama pembeni kutafsiri. Akasema: mumeo alikiri, aliyekiri hana rufaa ya maana, nenda kalime. Nikayageuza kwa Kiha, neno kwa neno.

Theodosia akapiga magoti kwenye saruji. Akaanza makofi, polepole kama kawaida yake.

Bwana Hilali akatabasamu, akachukua kalamu. "Umeona, Bi Stumai? Hata mke anakubali."

Nilikuwa nimemchoka, kiatu chake na kitana chake na tabasamu lake. Nikamjibu kama nijibuvyo mtoto wa jirani. "Hakubali chochote, Bwana Hakimu. Anakusalimu. Hata hajaanza kusema."

Kalamu ilibaki hewani. Theodosia alimaliza salamu yake, ndipo akasema, na alisema mengi: kwamba amesikia, kwamba hajakataa kuondoka, lakini ndama ni wao na Bazilio mwenyewe anajua. Niliyatafsiri. Bwana Hilali hakuwa akisikiliza. Alikuwa ananitazama mimi.

"Tangu lini unajua kwamba hayo makofi ni salamu?"

Nikasema tangu nilipokuwa mtoto. Nilikuwa nimeshalisema neno lote ndipo nikasikia nilichosema.

Hakuuliza la pili. Alimwambia Theodosia akakae, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kisha akaniagiza nimletee jalada la Mukarama. Alilisoma kwa muda mrefu kuliko kurasa zake. Akaliacha wazi mezani, upande wangu, akatoka nje. Hakukanyaga matofali.

Jumamosi, 6 Desemba

Jalada lina mistari minne yenye maana, kwa mwandiko wake.

"Mshtakiwa anasomewa shitaka. Anapiga makofi. Karani anatafsiri: anakubali. Mahakama: ametiwa hatiani kwa kukiri kwake mwenyewe."

Karani anatafsiri. Sikuwahi kulisoma jalada hili. Tarehe 10 Novemba niliandika humu, kwa wino wangu, kwamba ni Hilali aliyeliandika, nikajiona nimesema kweli. Ni kweli ameliandika. Neno lililomo ni langu.

Ile siku ilikuwa hivi. Lori la kuhamisha vyombo lilifika saa moja asubuhi. Godoro langu lilikuwa juu kabisa, bila turubai, na wingu lilikuwa linapanda kutoka upande wa Burundi, mvua ya kupotea ya Agosti. Dereva alikuwa amewasha gari na kila dakika anapiga honi. Wazee wawili wa baraza walikuwa nje wakiagana na wapakizi. Ilikuwa imebaki kesi moja. Pasikali akasimamishwa, akasomewa, nikamgeuzia kwa Kiha, akaanza makofi. La kwanza, la pili. Honi ikalia. Bwana Hilali akaniuliza, "Anasema nini?" Nikasema, "Anakubali."

Alikuwa bado hajafungua kinywa. Nilijua. Nilikuwa nimeshika mkoba wangu mkononi. Miaka miwili ya Mukarama ilikuwa imenitosha, na huyu alikuwa Mha mmoja zaidi wa kunichelewesha. Hakimu hakujua Kiha na aliniamini mimi, kwa kuwa ndiyo kazi niliyolipwa kuifanya. Pasikali alipoambiwa miaka mitano alipiga makofi tena, na mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Wala mvua haikunyesha. Godoro lilifika kavu.

Jumapili, 7 Desemba

Sikutoka ndani.

Jumatano, 10 Desemba

Bwana Hilali alikuja na koti jeusi na viatu vya zamani. Pasikali aliletwa na askari magereza mmoja, Leonidasi, kijana wa Heru. Amekonda, na nywele zimeota mvi upande mmoja. Nilikwenda kwenye kiti changu cha mkalimani. Bwana Hilali akaniambia, bila kunitazama, kwamba leo atatafsiri Leonidasi. Nikakaa benchi la nyuma.

Akasema anajitoa katika shauri hili, na jalada linakwenda kwa hakimu wa Kigoma. Leonidasi alipotafsiri, Pasikali aliingiwa na hofu. Akauliza amekosa nini tena, mpaka mzee amkatae. Ametoka gerezani kuja kwake yeye.

Hapo nilingoja Hilali ajifiche nyuma ya vifungu, kama kawaida yake. Hakuvitaja. Alisema, "Mwambie nilimfunga kabla sijamsikia."

Pasikali akafikiri. Kisha akajibu, na Leonidasi akatafsiri kwa sauti ndogo: "Anasema basi msikie sasa."

Watu wote waliinama. Bwana Hilali alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema hawezi. Leo akimfungua, atakuwa anajisafisha yeye. Akimkatalia, atakuwa anajitetea yeye. Njia zote mbili hatakuwa anamsikiliza Pasikali. Anataka Pasikali asikilizwe na mtu asiyekuwa na lake ndani ya jalada hili.

Sijui kama Pasikali alielewa. Alipiga makofi manne, na Bwana Hilali, mtu wa Pangani, alikaa kimya na kalamu chini mpaka yakaisha, halafu akauliza, "Ana neno?" Alikuwa nalo. Aliuliza kama mtoto wake amepona homa.

Baadaye Bwana Hilali aliniita. Alikuwa ameshaandika taarifa yake ya makosa, kurasa mbili, na nakala imekwenda Mahakama Kuu, Tabora. Nikamwuliza mimi nifanye nini. Akasema niape kiapo changu. "Andika ulichokiona na ulichokisema. Usiniandikie mimi, mimi nimeshajiandika."

Nilitaka kumchukia. Mtu anayeficha sukari hana haki ya kufanya jambo kama lile mbele yangu.

Jumamosi, 13 Desemba

Idi el Haj. Barabara ya Kigoma imekatika, sikwenda nyumbani. Nimeandika kiapo mara tatu. Cha kwanza kilisema kwamba kelele za lori zilinizuia kusikia. Cha pili kilisema kwamba Kiha cha Kibondo kina tofauti kidogo na kile nilichozoea. Vyote viwili vina Kiswahili safi. Hakimu yeyote angevikubali, na Pasikali angerudi gerezani na Kiswahili safi ndani ya jalada lake. Nimevichana.

Theodosia alipita na ndizi kwa ajili ya sikukuu yangu. Sijui nani kamwambia. Nilizipokea kwa mikono miwili.

Jumatatu, 22 Desemba

Nimeapa. Kiapo kina mistari mitano. Wa nne unasema: "Nilijua kuwa ni salamu na kwamba mshtakiwa alikuwa hajajibu." Mhudumu, ambaye mwaka mzima hakuweza kupanda juu ya paa, amejua habari zangu zote kabla wino haujakauka, na leo hakunisalimu.

Jumamosi, 27 Desemba

Mvua siku tatu mfululizo. Daraja la njia ya Kigoma bado.

Alhamisi, 8 Januari 1976

Hakimu wa Kigoma amefika, tope hadi magotini. Anaitwa Bwana Marcel, mzee mfupi aliyeomba maji ya moto kabla ya jalada. Nilimwona mzito nikaanza kumdharau, kwa mazoea, kisha nikaacha.

Nilikaa benchi la mashahidi. Theodosia alikaa karibu yangu, mtoto mapajani, amepona. Kiapo changu kilisomwa kwa sauti. Leonidasi alikitafsiri kwa Kiha, kwa sababu Pasikali alikuwa na haki ya kukisikia. Niliposikia mstari wa nne katika Kiha cha watu wenyewe sikuweza kumtazama mtu. Theodosia alihamisha mtoto kutoka paja moja kwenda jingine. Hakusogea mbali nami, na afadhali angesogea.

Bwana Marcel akamwambia Pasikali asimame. Akamwuliza swali lilelile la Agosti: siku ile, uliposomewa shitaka, ulikubali kosa au ulikataa?

Pasikali akaweka viganja pamoja. Akagonga la kwanza. Mvua ilikuwa kubwa juu ya bati, maji yakidondoka kwenye ndoo. La pili. Bwana Marcel alimtazama Leonidasi, na Leonidasi akanyamaza kabisa, kijana mwenye elimu ya darasa la saba. La tatu. La nne. Pasikali akashusha mikono, akavuta pumzi, akasema maneno machache.

"Anasema sikuiba," Leonidasi akatafsiri. "Anasema siku ile nilikuwa bado nasalimia."

Nilihesabu. Tangu kofi la kwanza hadi neno la mwisho, lori lingepiga honi mara mbili.

Hukumu ya Agosti imefutwa. Shauri litaanza upya mbele ya hakimu mwingine, na Bazilio ataitwa aeleze habari ya ndama. Pasikali ametoka kwa dhamana. Bwana Hilali hakuwepo. Alikuwa nyuma ya jengo, kwenye tope, akiwaonyesha mafundi wawili mahali paa linapovuja.

Jumatatu, 12 Januari

Barua imekuja. Nimesimamishwa kazi mpaka shauri langu lisikilizwe Tabora. Inasema kwamba kama nina sababu ya kumkataa mtu yeyote atakayenisikiliza, niieleze ndani ya siku kumi na nne. Nimeijibu leo hii kwamba sina, ila naomba nipewe nafasi ya kusema mpaka nimalize.

Nikiwa nafunga sanduku, Pasikali na Theodosia walipita kuaga kabla ya kuanza safari ya Mukarama. Mvua ilikuwa imeanza na basi la Kigoma lilikuwa linakaribia kuondoka. Walisimama mlangoni, wakaweka viganja pamoja, wote wawili. Nikaweka sanduku chini.